Mbele ya Land Rover Series III imechoka: utengeneze kipi, ununue kipi?

Yangu ni 88, ya shemeji ni 109, yaani inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Zote ni Land Rover Series III, zote za petroli, usukani kulia, na zote zilikuwa zimefika umri ambao dereva haendeshi tena gari, anabembelezana nalo. Ya shemeji ikifika kilomita 50 kwa saa kwenye barabara ya vumbi, usukani ulianza kutetemeka mkononi, kisha magurudumu ya mbele yakapokea, kisha gari zima likaingia kwenye ngoma mpaka usimame kabisa. Yangu haikutetemeka. Yenyewe ilikuwa na kiburi: unakata kulia kidogo, kimya, unaongeza, kimya, halafu inakubali yote kwa mpigo na kukuelekeza mtaroni.

Tuliamua kuzifungua mbele kwa wakati mmoja, uani kwake Arusha, tukiwa na fundi mzee ambaye sisi wote tunamwita Babu. Mimi nilishika njia ya kiwandani: springi za majani, bushi za mpira, kile kinachotengenezeka kitengenezwe. Shemeji alitaka vya kisasa: springi za parabolika, bushi za poliyurethani, vipya kila panapowezekana. Kwa hiyo tulibaki na gari mbili za aina moja, zilizopita mikono ileile katika miezi ileile, kwa machaguo tofauti. Niliyoyaona ndiyo haya. Shemeji hakubaliani nami katika yote, na ana haki, kwani ndiye aliyelipa zaidi.

Kabla ya kununua, lala chini

Shemeji alianza na dukani. Springi za parabolika zilifika zikiwa na rangi nyeusi ya kung'aa, na muuzaji alikuwa amemhakikishia kwamba ule mtetemeko utakwisha siku ya kwanza. Haukwisha. Springi hazikuwa na kosa lolote. Ugonjwa ulikuwa kwingine.

Kupima kwenyewe hakugharimu hata shilingi. Gari liegeshwe mahali tambarare, magurudumu yakitazama mbele. Mtu mmoja akae ndani, autikise usukani kulia na kushoto kidogo kidogo, kama anayechekecha unga. Mwingine alale chini na kuweka kiganja kwenye kila kiungo, kimoja baada ya kingine, kufuata njia ya nguvu: mkono unaotoka kwenye boksi la usukani, fimbo ndefu inayokwenda mbele, mkono wa juu wa rilei (kiungo cha kati cha usukani, nitakieleza mbele), mkono wa chini wa rilei, fimbo inayoshuka kwenye gurudumu, na mwisho tairodi inayounganisha gurudumu na gurudumu. Mahali upande mmoja unatembea na wa pili unachelewa, hapo ndipo pesa yako iende.

Kisha inua gurudumu moja kwa jeki, shika tairi juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza, usikimbilie kusema ni beringi. Mwambie aliye ndani akanyage breki. Mchezo ukipotea, beringi za habu, yaani kitovu cha gurudumu, zimelegea, maana breki imeifunga habu na bamba la nyuma yake kuwa kitu kimoja. Mchezo ukibaki vilevile, tatizo liko kwenye siveli: lile tufe la chuma mwishoni mwa ekseli ambalo gurudumu linakatia kona. Kwenye 109 ya shemeji breki ilikanyagwa, na tairi likaendelea kucheza. Babu hakusema neno. Alilitazama sanduku la springi mpya, akamtazama shemeji, akaenda kunawa mikono.

Springi: majani au parabolika

Hapa ndipo watu wanapobishana zaidi, kwa sababu springi huonekana na rilei haionekani.

Springi ya kiwandani ni rundo la majani ya chuma, tisa au zaidi kutegemea modeli, yaliyobanwa pamoja na senta bolti moja. Kila jani linasugua mwenzake kwa urefu wake wote. Msuguano huo kwa kiasi fulani unafaa, kwani husaidia shokapu kutuliza mrukoruko. Ila gari la miaka 40 limekula mvua na vumbi kiasi kwamba kutu imeingia katikati ya majani na kuyashikamanisha. Springi ya namna hiyo imeshakuwa gogo. Wengi wanaosema Land Rover inapiga mgongo hawajawahi kupanda yenye springi safi.

Zangu tulizivunja. Majani yalipigwa brashi ya waya mpaka yakawa meupe, yakapakwa grisi yenye grafiti, mawili yaliyopoteza mkunjo yakapelekwa kwa fundi springi akayapiga upya, na moja lililokuwa na ufa karibu na senta bolti likabadilishwa. Gharama kubwa ilikuwa jasho. Jambo moja la kuchunga kwenye 88: springi mbili za mbele hazifanani. Ya upande wa dereva ina mkunjo zaidi, kwa sababu upande huohuo umebeba dereva na tangi la mafuta lililo chini ya kiti chake. Nimeona gari zilizotoka gereji zikiwa zimeinamia kulia, na mwenye gari kauziwa springi nyingine mbili, kumbe zile za kwanza zilipishana tu. Tia alama ya rangi kabla ya kufungua.

Parabolika zina majani mawili au matatu tu. Kila jani ni nene katikati na linapungua unene kuelekea ncha, na majani hayagusani isipokuwa katikati na mwishoni. Msuguano karibu unatoweka, kwa hiyo ekseli inakuwa huru kupanda na kushuka. Nakiri: siku ya kwanza shemeji alipotupitisha kwenye makorongo, nilinyamaza. Gari lililokuwa likiruka kama mbuzi lilikuwa linatembea kama ng'ombe. Tofauti si ya kubembelezwa, ni kubwa.

Gharama zake hazimo zote kwenye risiti ya springi. Kwa kuwa majani hayasuguani, kazi yote ya kutuliza inabaki kwa shokapu, na kwa kuwa gari linainuka na ekseli inashuka mbali zaidi, shokapu za urefu wa zamani zinaweza kufika mwisho na kuning'iniza ekseli nzima. Hivyo nunua na shokapu ndefu. Tazama pia kama mipira ya breki inatosha ekseli ikishuka kabisa. Halafu kuna kulala: kwenye kona yenye mzigo juu ya keria, 109 ya shemeji inainama kuliko ilivyoinama zamani. Si hatari, ila abiria wa nyuma wanaanza kusali.

La mwisho ndilo lililoamua kwangu. Jani moja kati ya tisa likivunjika njiani kuelekea Loliondo, unaendelea. Unafunga kwa waya, unakwenda polepole, na mjini kuna mtu mwenye nyundo na rundo la majani ya lori kuukuu. Jani moja kati ya mawili likivunjika, nusu ya springi imekwenda, na hakuna fundi wa kijijini atakayekutolea jani lenye unene unaobadilika kama lile. Utasubiri kifurushi.

Kwa hiyo: gari jepesi, safari za Jumapili, mzigo mdogo, fundi karibu, chukua parabolika na usijute. Gari la kubeba magunia mbali na mji, baki na majani uyasafishe. Sisi, kwa busara zetu, tulifanya kinyume. Mimi mwenye 88 ya kwenda sokoni nina springi za porini, na yeye mwenye 109 ya shambani ana springi za mjini. Tukikumbushana jambo hilo tunabadilisha mada.

Kuna njia ya tatu inayopendwa vijiweni, ya kuweka shakili ndefu, vile vyuma vinavyoshika ncha ya springi kwenye chasisi, ili gari lionekane refu. Kwenye Series shakili za mbele ziko mbele ya springi, hivyo ukizirefusha ekseli yote inazunguka kidogo na pini za siveli zinaelekea mbele kwa juu. Gurudumu linapoteza ile tabia ya kutaka kurudi katikati lenyewe. Gari linakuwa refu na lisilojua linakokwenda. Hii siilinganishi na chochote.

Bushi: mpira au poli

Kila springi ya mbele ina bushi tatu: mbili machoni mwa springi na moja ndani ya chasisi mahali shakili inaposhika. Jumla sita kwa mbele. Za kiwandani ni mpira uliogandishwa kati ya mabomba mawili ya chuma, na zile za kwenye chasisi zikishika kutu zinatoka kwa machozi. Tulitoboa mpira, tukauchoma, kisha tukalikata bomba la nje kwa ubapa wa msumeno wa chuma, polepole, tukikwepa kuikata chasisi yenyewe. Bushi moja ilikula asubuhi yetu nzima. Nasema hivi ili mtu asikupangie saa moja.

Shemeji alifurahi hapa. Bushi za poli zinaingia kwa mkono na sabuni kidogo, wakati zangu zilihitaji skrubu ndefu na soketi kuzivuta ndani. Lakini miezi sita baadaye zake zilianza kulia kama kitanda cha hoteli ya bei nafuu, vumbi likiwa limeingia kati ya plastiki na chuma. Zangu kimya.

Ila mpira una sharti lake, na gereji nyingi hazilitimizi. Bolti za shakili zisikazwe gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Zitie kwa mkono tu, lishushe gari likae juu ya magurudumu yake, litikise, ndipo ukaze. Bushi ya mpira haizunguki, inajipinda. Ukiikaza ekseli ikiwa imening'inia, itaishi maisha yake yote ikiwa imesokotwa, na itapasuka mapema; kisha mtu atasema spea za siku hizi ni feki. Poli haina masharti hayo, kwani yenyewe inazunguka. Ukijua kabisa kwamba fundi wako hatashusha gari kabla ya kukaza, nunua poli.

Rilei: usiitoe bila sababu

Rilei ndicho kiungo ambacho wenye Series wengi hawajawahi kukiona. Imesimama wima ndani ya bomba linalopenya mhimili wa mbele wa chasisi, karibu na rejeta. Mkono wake wa juu unapokea amri kutoka boksi la usukani, mkono wa chini unaipeleka kwenye magurudumu. Ndani kuna shafti, bushi za umbo la pia zilizotengenezwa kwa kitambaa kilichogandishwa na gundi ngumu, na katikati yake springi iliyobanwa kwa nguvu nyingi inayozisukuma bushi zishike shafti. Huo mshiko umekusudiwa. Rilei inafanya kazi ya breki ndogo ya usukani, inayomeza mitikisiko kutoka barabarani isifike mikononi. Inaishi kwa oili, na oili huingizwa kwa juu. Sijawahi kukutana na Series iliyotoka mikononi mwa mtu mwingine ikiwa na oili ya rilei.

Una njia tatu.

Ya kwanza ni kuiacha mahali pake na kuinywesha. Ikiwa mikono ya juu na chini inatembea pamoja bila kuchelewana, na shafti haiyumbi, fungua bolti mbili za kifuniko cha juu zinazokabiliana, tia oili kwenye tundu moja taratibu huku hewa ikitokea la pili, mpaka ijae. Kazi ya nusu saa kwa chupa ya oili na bomba la sindano. Yangu ilipona hivyo. Kile kiburi nilichokieleza mwanzoni hakikutoka kwenye rilei kabisa. Kilitoka kwenye tairodi endi mbili, vile viungo vya ncha za fimbo za usukani, na nitazifikia.

Ya pili ni kuitoa na kuifanyia ukarabati. Ya shemeji ilibidi itoke, kwani mkono wa chini ulikuwa ukisubiri wa juu kama mtoto asiyetaka kwenda shule. Tulitoa rejeta. Tulimwagia dizeli siku mbili mfululizo, tukapasha moto, tukagonga, na mwisho Babu akaweka jeki ya chupa chini yake huku chasisi ikifungwa mnyororo isinyanyuke. Siku ya tatu mchana ikatoa mlio kama risasi na kupanda sentimita moja. Tulikunywa chai kwanza.

Kuivunja ndiko kulikonifanya niandike sehemu hii kwa urefu. Ile springi ya ndani imebanwa, na bushi zikiachia inatoka na kila kitu kilicho mbele yake. Babu aliitia rilei nzima ndani ya gunia la katani, akafunga mdomo wa gunia kwa kamba kuizunguka shafti, akaniambia, "Mwalimu, sogea huko, na kichwa chako." Akagonga shafti mara tatu. Gunia liliruka kama lina jogoo ndani. Kurudisha ni kinyume chake: springi inabanwa kwa shafti yenye uzi au kwa clampu, bushi zinashikiliwa na bendi za hosi mpaka ziingie. Hiyo si kazi ya kujifunzia peke yako jioni.

Tulikuta shafti imechimbwa na kutu mahali sili ya chini inapokaa. Ikawa basi, bushi mpya juu ya shafti mbovu ni kupaka rangi ukuta wenye maji. Shemeji akanunua rilei nzima mpya, ambayo ndiyo njia ya tatu. Ilikuja kavu, bila tone la oili, na bila karatasi ya kusema hivyo. Jaza kabla ya kufunga, ukiwa umeishika mkononi, kwa sababu ikiwa mezani ni rahisi na ikiwa nyuma ya rejeta ni adhabu. Zungusha shafti kwa mkono pia: ikizunguka kirahisi kama kifuniko cha chupa, irudishe dukani, maana haina mshiko na itakuletea mtetemeko uleule.

Shafti ikiwa nzima, karabati ya zamani. Chuma chake ni kizuri. Shafti ikiwa imechimbika, nunua. Na ikiwa haichezi, tafadhali, iache.

Siveli: penye ngoma ya 109

Tufe la siveli limepakwa kromu ili sili iteleze juu yake. Kromu ikichimbika, sili inakatika, oili inavuja juu ya tairi na vumbi linaingia ndani. Watu hulitazama vujo na kusahau jambo zito zaidi: pini mbili, juu na chini, ambazo gurudumu linazungukia. Chini kuna beringi ya rola. Juu kuna bushi ya Railko, ya utomvu uliogandishwa, na kama ilivyo kwa rilei, bushi hiyo inatakiwa ishike kidogo. Ikilegea, gurudumu linakuwa huru kupepesuka, na kwa mwendo fulani jiwe moja linatosha kuanzisha ngoma.

Dawa ya ngoma ya shemeji ilikuwa hapo, nayo ilikuwa ya bei ndogo kuliko vyote: bushi mpya ya juu, beringi mpya ya chini, na kupunguza shimu, vile vibati vyembamba vya kujazia, chini ya pini ya juu mpaka mshiko urudi. Kipimo cha mshiko kinatolewa kwenye kitabu cha warsha, na kinapimwa tairodi ikiwa imetolewa na sili haijafungwa, kwa mizani ya ndoano iliyoshikwa kwenye mkono wa usukani. Babu alitumia mizani ya kupimia mahindi. Alivuta taratibu, akasoma, akatoa shimu moja nyembamba, akavuta tena. Nilimuuliza kama mkono peke yake hautoshi kwa mzoefu kama yeye. Akasema mkono wake unaona uzito tofauti asubuhi na jioni.

Sasa tufe lenyewe. Jipya lenye kromu ndilo zuri, ila kulifikia lazima utoe habu, breki, shafti, yaani kila kitu mpaka mwisho wa ekseli, na kutoa hewa kwenye breki baadaye. Ukishafika huko huwezi kurudisha tufe lililochimbika kwa moyo mmoja. Shemeji akanunua mawili. Yangu yalikuwa na vishimo vichache, vingi mahali ambapo sili haifiki, nikavijaza kwa gundi ya epoksi, nikasugua kwa msasa laini wenye maji mpaka ukucha ukapita bila kukwama. Mwaka wa pili huu, moja kavu, moja linatoa jasho. Ningekuwa na pesa ya siku ile ningenunua, nakubali.

Badala ya oili siku hizi wengi hutia grisi laini maalumu ya siveli, ile nzito kiasi ambayo haikimbilii kwenye tundu la kwanza inaloliona. Nimeitumia, naipenda. Grisi ya kawaida ya beringi haifai hapo. Inatupwa pembeni na haishuki tena kulainisha bushi wala krosi ya shafti.

Tairodi endi: hapa usiwe bahili

Ziko sita: mbili kwenye fimbo ndefu ya juu, mbili kwenye fimbo ya kushuka, mbili kwenye tairodi. Kila fimbo ina uzi wa kawaida upande mmoja na uzi wa kinyume upande wa pili, hivyo unaponunua hesabu tatu na tatu. Kukarabati hakuna. Uchaguzi ni kati ya nzuri na za bei rahisi, na tofauti yake inaonekana kwenye kofia ya mpira kabla ya kuonekana kwenye chuma: ibonyeze, ikunje, ikiwa ngumu kama soli, itapasuka kwa jua la kwanza na vumbi litamaliza kazi. Nilikuwa nimeweka mbili za bei rahisi mwaka mmoja tu kabla. Ndizo zilizokuwa na kiburi.

Pima urefu wa fimbo kutoka kitovu hadi kitovu kabla ya kufungua, na hesabu mizunguko inayotoka. Usipofanya hivyo, usukani utakaa upande na rilei haitakuwa katikati, na gari litakata kona upande mmoja vizuri kuliko wa pili.

Boksi la usukani, na shokapu ya usukani

Boksi nitalipita haraka. Lina skrubu ya kurekebisha ubavuni yenye nati ya kufunga. Magurudumu yakitazama mbele, kaza kidogo mpaka mchezo upungue, kisha zungusha usukani mwisho wa kulia na mwisho wa kushoto. Ukiwa mgumu pembeni na mlegevu katikati, boksi limekula katikati mahali linapotumika zaidi, na skrubu haitaliponya; tafuta boksi lingine zima au fundi mwenye spea za ndani. Kosa la kawaida ni kuanzia hapa. Nimeona boksi zilizokazwa mpaka zikakwama ili kuficha tairodi endi.

Shokapu ya usukani, ile ya kulala inayouzwa kama dawa ya mtetemeko, inapunguza mtetemeko, ni kweli. Hiyo ndiyo sababu siipendi kwenye gari lisilopimwa. Inamnyamazisha mgonjwa. Kwenye gari ambalo siveli na rilei ziko sawa, na linalotembea na matairi makubwa, haina ubaya.

Alaimenti

Series III inataka magurudumu ya mbele yatazamane kidogo kwa mbele, kati ya milimita 1.2 na 2.4. Defender, mjukuu wake, inataka kinyume: yatawanyike kidogo kwa mbele kwa kiasi hichohicho. Mjini kwetu, ambako Oktoba 2024 zilikusanyika Land Rover zaidi ya elfu moja, mafundi wengi mikono yao imezoea Defender. Ya shemeji ilitoka kwenye mashine ikiwa imewekwa kama Defender, ikawa inazurura barabarani kama mlevi anayejitahidi. Tulirudi uani tukapima wenyewe kwa mti ulionyooka na misumari miwili: alama katikati ya tairi kwa mbele kwenye kimo cha kitovu, gari likasukumwa nusu mzunguko, tukapima alama zilezile zikiwa nyuma. Tulizungusha fimbo kidogo.

Baada ya kilomita 300 tulizikaza tena yubolti, bolti za umbo la U zinazoshika springi kwenye ekseli, za magari yote mawili. Za parabolika zilikubali karibu robo mzunguko kila moja. Kati ya zangu ni mbili tu zilizokubali, na shemeji aliyashika matairi yangu yote mawili ya mbele kabla hajaamini.